Sanitaiza na Dawa ya Kuua Viini ya Kujitengenezea Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mlipuko wa virusi ukitangazwa, sanitaiza hupanda bei siku hiyo hiyo. Ilikuwa hivyo Machi 2020 korona ilipothibitishwa nchini Kenya, na maswali yakarudi Julai 2024 mpox ilipofika. Majibu haya ni ya wazazi, wenye vibanda, makanga, wanabodaboda, walimu na wahudumu wa afya ya jamii, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Busia. Ukisoma swali moja tu, soma hata hivyo sentensi hii: kama hujui asilimia ya kitu kilicho ndani ya chupa, usikichanganye na kitu kingine, kwa sababu hakuna kipimo kitakachokuokoa.

Je, ni lazima nitengeneze sanitaiza? Sabuni haitoshi?

Sabuni yatosha, na mara nyingi inaishinda sanitaiza. Virusi vya korona, mafua, mpox, Ebola na Marburg vimefunikwa na ganda la mafuta. Sabuni hulivunja ganda hilo kama inavyong'oa mafuta kwenye sufuria, na virusi vikishapoteza ganda haviwezi tena kuambukiza. Isitoshe, mikono ya mvuvi wa Dunga, ya fundi wa magari au ya mtu aliyetoka kuchimba viazi Molo ina uchafu ambao alkoholi haiwezi kupenya. Mikono ya aina hiyo ioshwe tu. Sanitaiza ni ya pale maji yanapokosekana: makanga anayepokea nauli, mwanabodaboda kati ya abiria mmoja na mwingine, mhudumu anayetoka boma moja kuingia lingine.

Kama sabuni ya kipande huibwa kwenye choo cha shule au sokoni, tengeneza maji ya sabuni. Chukua chupa ya lita 1.5, tia gramu 30 za sabuni ya unga (pakiti ndogo huandikwa uzito wake), jaza maji, tikisa, kisha toboa kifuniko kwa msumari uliopashwa moto. Ifunge kwa kamba kando ya kibuyu chirizi au mtungi wenye mfereji. Maji hayo hukaa wiki nyingi bila kuharibika. Kunawa kwote kuchukue sekunde 40 hadi 60, na kati ya hizo angalau 20 ziwe za kusugua: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na ncha za kucha. Gumba na kucha ndizo husahaulika zaidi.

Sabuni ikikosekana kabisa, jivu safi la kuni lililochekechwa husaidia kusugua na ni bora kuliko maji matupu. Litumie siku hiyo tu, kisha utafute sabuni.

Sanitaiza ya kipimo cha WHO hutengenezwaje?

Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo ambacho hakihitaji mashine. Kwa lita moja unahitaji:

- ethanoli (aina ya alkoholi) ya asilimia 96, mililita 833
- haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 42
- gliserini ya asilimia 98, mililita 14.5 (kijiko kikubwa kimoja, yaani 15, hakina ubaya)
- maji yaliyochemshwa yakapoa, au maji ya distili, ya kujazia hadi lita moja

Kama umepata alkoholi ya isopropili ya asilimia 99.8 badala ya ethanoli, weka mililita 752. Vingine vibaki vile vile.

Tafuta chupa au jagi lenye alama ya lita moja kamili. Chemsha maji mapema uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Mimina alkoholi kwanza, kisha peroksaidi. Gliserini ni nzito na hung'ang'ania kijiko, kwa hiyo suuza kijiko kwa maji yako yaliyochemshwa na uyamimine maji hayo humo humo. Sasa jaza maji hadi kwenye alama ya lita. Usipime maji kando ukayamimina yote: alkoholi na maji vikikutana ujazo hupungua kidogo, ndiyo maana tunajaza hadi alama. Funga haraka ili alkoholi isiruke, tikisa taratibu, gawa kwenye chupa safi, kisha zikae saa 72 kabla ya kutumiwa.

Saa hizo 72 watu wengi huziruka. Peroksaidi haikuwekwa kuua virusi mikononi. Kazi yake ni kuua mbegu za bakteria zilizobaki ndani ya chupa au kwenye alkoholi yenyewe, na inahitaji muda.

Angalia lebo ya peroksaidi kabla ya kupima. Maduka ya dawa mengi huuza ya asilimia 6, iitwayo pia "volume 20". Ukiwa na hiyo, weka mililita 21, na ile nusu iliyobaki itazibwa na maji. Ile nzito ya saluni ya kupaka rangi nywele usiitumie, ina vitu vingine ndani. Kwa kupimia, bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano kutoka duka la dawa linashinda kifuniko cha soda, maana vifuniko havilingani.

Matokeo ni ethanoli ya asilimia 80, na itakuwa nyepesi kama maji, si nzito kama ile ya dukani. Hilo si kosa. Mimina kiganjani kiasi cha kijiko kidogo na usugue sekunde 20 hadi 30 hadi ikauke yenyewe. Usiifute kwa leso.

Kwa nini nisitumie ethanoli ya asilimia 96 bila maji? Si ndiyo kali zaidi?

Hukauka upesi mno kabla haijamaliza kazi, na bila maji alkoholi haiharibu protini za viini vizuri. Kati ya asilimia 70 na 80 ndipo inapofanya kazi vyema. Chini ya 60 usiitegemee.

Ethanoli nzuri naipata wapi? Na chang'aa je?

Magharibi mwa Kenya tuna bahati. Molasi kutoka viwanda vya sukari hugeuzwa kuwa ethanoli huku huku, Muhoroni na Kisumu. Tafuta wauzaji wa kemikali wenye duka linalojulikana, na udai chombo chenye lebo inayotaja jina la kitu, asilimia na tarehe. Uliza wazi kama ni ethanoli tupu au imetiwa methanoli, alkoholi yenye sumu, ili isinyweke. Ikiwa imetiwa methanoli, iache dukani.

Chang'aa haifai, hata ikiwaka moto ukiijaribu kwa kiberiti. Kuwaka hakuonyeshi asilimia. Nguvu yake hubadilika kutoka pipa hadi pipa, na nyingine hutiwa methanoli ambayo huwezi kuitofautisha na ethanoli kwa harufu wala kwa macho. Methanoli hupenya kwenye ngozi na kuingia kwa pumzi, na hupofusha. Wapo wanaoshauri chang'aa ikenekwe mara ya pili ili iwe kali. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na ethanoli 78, lakini mtambo wa nyumbani hauwezi kuzitenganisha kabisa, na mvuke ule kando ya moto umeunguza watu.

Pombe kali za dukani nazo huwa karibu na asilimia 40. Hazifiki.

Spiriti ya hospitali ni habari nyingine. Lebo ikisema asilimia 70 hadi 80 na haikutaja methanoli, itumie jinsi ilivyo. Usiiongeze maji. Ongeza mililita 15 tu za gliserini kwa lita ili mikono isipasuke. Ile spiriti ya zambarau au buluu ya kuwashia stovu na kusafishia fanicha ina methanoli, na haifai kuguswa kwa mikono mitupu mara kwa mara.

Nimeona watu wakichanganya alkoholi na shubiri ili iwe nzito. Ni sawa?

Hebu piga hesabu. Vikombe viwili vya spiriti ya asilimia 70 na kikombe kimoja cha utomvu wa shubiri ni vikombe vitatu. Alkoholi iliyomo ni 140 ukigawa kwa tatu, yaani asilimia 46 na kitu. Umetengeneza mafuta ya mikono yenye harufu ya dawa. Ukianza na ethanoli ya 96 kwa kipimo hicho hicho unapata 64, ambayo inapita mstari kwa nafasi ndogo sana: vikombe visipolingana kidogo, umeanguka.

Tena shubiri mbichi ina vipande vya nyama ya jani ambavyo huoza na kuziba chupa. Gliserini hulainisha ngozi kwa kiasi kidogo bila kula asilimia. Lakini nayo ukiizidisha, mikono hunata vumbi, na Nakuru wakati wa kiangazi vumbi halikosekani.

Nitajuaje kama mchanganyiko wangu umefika asilimia 80?

Kwa alkoholimeta, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Mambo mawili hupotosha watu. La kwanza, gliserini hufanya kioevu kiwe kizito, na kipimo kitasoma chini ya ukweli. Kwa hiyo pima alkoholi na maji kabla ya kutia gliserini. La pili, vipimo vingi vimetengenezwa kwa nyuzi 20. Kioevu kikiwa na nyuzi 30, kama kilivyo Kisumu mchana, kipimo kitakuonyesha karibu asilimia 3 zaidi ya zilizomo. Chombo kikae kwanza kwenye beseni la maji ya baridi hadi kipimajoto kisome 20, ndipo upime.

Bila kipimo hicho, tegemea lebo ya kuaminika na kupima mililita kwa uangalifu. Kunusa hakusaidii.

Hatari ya moto ni kubwa kiasi gani?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ethanoli ya asilimia 80 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi 17.5 hivi. Kisumu hufikia hapo takriban saa zote za siku; Nakuru asubuhi ni baridi, lakini chumba kikishapata joto la mchana kimepita. Mvuke ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la makaa la chumba cha pili. Na miali ya ethanoli haionekani vizuri mchana: mtu anaweza kuungua mkono kabla hajaona kitu.

Kwa hiyo changanya nje au penye dirisha wazi, pasipo na jiko, koroboi, meko ya gesi, sigara wala swichi inayotoa cheche. Baada ya kupaka, subiri mikono ikauke kabisa kabla ya kuwasha kiberiti au kupika chapati. Usitengeneze zaidi ya unachohitaji kwa wiki chache, na usiache chupa juu ya dashibodi ya matatu kwenye jua. Kikimwagika, funika kwa mchanga, fungua milango. Kikiwaka, kifunike kwa blanketi lililoloweshwa au tumia mchanga.

Jik naipimaje?

Kwanza soma lebo. Jik za hapa nchini huwa karibu na asilimia 3.5 ya sodiamu haipoklorati, yaani klorini ya maji, lakini zipo chapa za 5 na zaidi. Kisha amua unataka nini: asilimia 0.1 kwa meza, vitasa, viti na sakafu ya saruji, asilimia 0.5 kwa damu, matapishi, kinyesi na vyombo vya mgonjwa.

Hesabu ni hii: gawa asilimia ya lebo kwa asilimia unayotaka, kisha toa moja. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya Jik. Kwa Jik ya 3.5 unayotaka iwe 0.1, 3.5 gawa kwa 0.1 ni 35, toa moja, 34. Kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe 34 vya maji. Ukitaka 0.5, kikombe kimoja kwa vikombe 6.

Kwa vipimo vya nyumbani, ukiwa na Jik ya 3.5:

- lita 1 ya asilimia 0.1: Jik mililita 30, yaani vijiko vikubwa viwili
- lita 10 ya asilimia 0.1: Jik mililita 290
- mtungi wa lita 20 wa asilimia 0.1: Jik mililita 570
- lita 1 ya asilimia 0.5: Jik mililita 143, maji mililita 857

Ikiwa lebo inasema 5, kikombe kimoja kwa vikombe 49 vya maji kwa 0.1, na kimoja kwa 9 kwa 0.5.

Maji yawe ya baridi. Ya moto huifukuza klorini. Maji kwanza, Jik baadaye, ili isikurukie machoni. Vaa glavu za mpira na nguo usiyoijali. Kabla ya kupaka, osha pale mahali kwa sabuni na usuuze, kwa sababu uchafu huila klorini. Lowesha hadi pang'ae maji, uache dakika 10, kisha futa kwa maji safi, hasa vyuma, maana klorini huleta kutu. Kosa linaloonekana kila mahali ni mtu kupitisha kitambaa chenye unyevunyevu na kufuta papo hapo. Dawa haijafanya kazi yoyote hapo.

Mchanganyiko ni wa siku moja. Kesho mwaga utengeneze mpya, hata kama bado unanuka. Na Jik yenyewe huzeeka: chupa iliyokaa dirishani miezi mingi haina tena asilimia ya lebo. Ile ya kupimiwa kwenye chupa za soda sokoni, isiyo na lebo wala tarehe, huwezi kuipigia hesabu, kwa hiyo usiitegemee wakati wa mlipuko.

Maji yetu yana tope. Kuna shida?

Ipo. Tope na majani huila klorini kabla haijafika kwenye virusi. Maji ya ziwa, ya mto Nyando wakati wa mafuriko au ya kidimbwi yaache yatulie usiku kucha, mimina yale ya juu kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, ndipo uchanganye. Maji ya mvua ya paa la mabati ni mazuri yakichujwa.

Klorini iliyowekwa kwenye vituo vya maji vijijini, kama chemchemi za Busia, Vihiga na Kakamega, ni ya maji ya kunywa. Nguvu yake ni ndogo na kipimo chake ni cha mtungi wa maji. Kuichota kwa ajili ya kudeki ni kuwaibia majirani dawa ya kipindupindu bila wewe kuua virusi.

Na klorini ya unga, HTH?

Ina asilimia 65 hadi 70, hivyo ni kali mara ishirini kuliko Jik. Inafaa shule, kanisa au soko, si jikoni. Kwa ile ya 70, gramu 7 kwa lita hutoa 0.5, na gramu 29 kwa mtungi wa lita 20 hutoa 0.1. Pima kwa mizani, si kwa kijiko kilichojaa kilima. Unga uingie kwenye maji. Kamwe usimwagie maji juu ya unga. Koroga kwa kijiti, acha mashapo meupe yazame, utumie maji ya juu yaliyo safi.

Usiuhifadhi karibu na petroli, mafuta ya kupikia, sabuni au magazeti. Unga huu ukikutana na mafuta unaweza kuwaka wenyewe. Chombo kiwe cha plastiki kinachofunga, mahali pakavu, mbali na watoto.

Ni vitu gani visichanganywe kamwe?

Jik na dawa ya choo yenye asidi, Jik na siki, Jik na ndimu: hutoka gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Jik na amonia, au Jik na mkojo: hutoka kloramini, nayo husonga pumzi. Jik na spiriti au sanitaiza: hutoka kemikali za sumu, pamoja na klorofomu. Jik na peroksaidi hurusha povu na kuuana nguvu. Jik na Dettol pia hapana.

Watu huumia chooni zaidi kuliko kwingine. Mtu anamwaga dawa ya asidi, haridhiki, anaongeza Jik, mlango umefungwa. Ukianza kukohoa na macho kuwasha, toka nje mara moja, acha mlango wazi, usirudi kuchukua ndoo. Ukitaka kutumia zote mbili, suuza ya kwanza kwa maji mengi na uache siku nzima ipite.

Choo cha shimo na sakafu ya udongo nifanyeje?

Usimwage Jik ndani ya shimo. Kinyesi chote kile kitaila, na mkojo utatoa kloramini usoni pako. Osha ubao au saruji ya juu kwa maji ya sabuni, suuza mkojo wote, kisha paka asilimia 0.1, au 0.5 kama mtumiaji anaharisha au kutapika. Usisahau komeo la mlango. Ndicho kila mtu anachogusa kabla ya kunawa. Vivyo hivyo ndoo ya usiku: imwage na kuisuuza kwanza, Jik baadaye.

Sakafu iliyosiribwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe haiwezi kutakaswa kwa klorini. Ni uchafu kwa macho ya klorini hata kama ni safi kwa macho yako. Panapotapikwa au kumwagika damu, vaa glavu, funika kwa kitambaa kikuukuu, mwagia asilimia 0.5 hadi kilowe, ngoja dakika 10 hadi 15, kisha chota pamoja na tabaka la juu la udongo kwa jembe na ufukie mbali na kisima. Sehemu nyingine ya sakafu, fagia taratibu baada ya kunyunyiza maji vumbi lisipande, na ufungue madirisha.

Matatu, helmeti za bodaboda, simu na pesa?

Vyuma vya kushikia na migongo ya viti vya matatu: sabuni, kisha 0.1, kisha maji baada ya dakika 10, asubuhi na jioni. Katikati ya safari, kitambaa chenye alkoholi ya 70 hufaa na hakileti kutu, mradi injini imezimwa na hakuna anayevuta sigara.

Helmeti ya abiria isipakwe Jik. Hudhoofisha mikanda na sifongo. Futa ndani kwa maji ya sabuni, kausha juani, na umwombe abiria avae leso au kofia nyepesi chini yake. Simu izimwe, ifutwe kwa kitambaa kilicholowa alkoholi ya 70 kidogo tu, isinyunyiziwe. Noti haziwezi kusafishwa kwa njia yenye maana. Nawa mikono, au mteja alipe kwa M-Pesa.

Kuwapulizia watu dawa mlangoni mwa kanisa au soko kunasaidia?

Hapana, na kunadhuru. Klorini huunguza macho, ngozi na mapafu, na huamsha pumu. Haigusi virusi vilivyo ndani ya mwili wa mgonjwa, naye ndiye anayeambukiza kwa pumzi na mguso. WHO ilishauri dhidi ya jambo hili. Pesa za pampu zinunue mitungi miwili yenye mifereji na sabuni. Hata kupulizia meza na kuta si njia nzuri: kitambaa kilicholowa hufika kila mahali, pampu huacha madoa makavu na kukupa mvuke wa kuvuta.

Siki, ndimu, maji ya chumvi, kujifukiza mwarobaini?

Siki na ndimu hazina nguvu ya kutegemewa dhidi ya virusi, na ndimu ikiwa kwenye ngozi juani huacha malengelenge. Chumvi haiui. Kujifukiza hakusafishi mikono wala nyumba, na maji ya moto yamewaunguza watoto wengi, usimfukize mtoto.

Wapo pia wanaojaribu kutengeneza klorini kwa chumvi, misumari na betri ya gari. Mashine maalumu za kazi hiyo zipo, lakini msumari huliwa na kuchafua maji kwa kutu, hutoka gesi ya haidrojeni inayolipuka, na mwisho hujui asilimia uliyopata.

Mtoto amekunywa sanitaiza au Jik. Nifanye nini?

Usimtapishe. Kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda.

Kwa sanitaiza, alkoholi hushusha sukari ya mwili wa mtoto kwa haraka. Kama yu macho na anameza vizuri, mpe kinywaji chenye sukari kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda hospitali. Akiwa mlegevu au amesinzia, usimpe kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu, mkimbize. Kwa Jik, suuza mdomo, mpe maji kidogo kwa funda, nenda. Beba chupa yenyewe ili daktari aone lebo. Kisumu nenda hospitali ya Jaramogi, Nakuru nenda hospitali kuu ya kaunti, au kituo chochote kilicho karibu zaidi; usipite kituo cha karibu ukitafuta kikubwa. Namba 719 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Ikiingia jichoni, mimina maji safi mfululizo dakika 15 ukitazama saa, kope zikiwa wazi, kisha hospitali. Mtu mzima akiumwa kichwa, akitapika na kuona ukungu, hata siku moja baada ya kushika au kuvuta mvuke wa alkoholi asiyoijua, afikiriwe kuwa na sumu ya methanoli na akimbizwe.

Nihifadhi kwenye chupa gani?

Si chupa ya soda, juisi au maji ya kunywa ikiwa una namna nyingine. Ikiwa huna, bandua karatasi ya zamani yote na uandike kwa kalamu isiyofutika: jina, asilimia, tarehe, "SUMU". Jik ikae kwenye plastiki isiyopitisha mwanga. Sanitaiza iwe na kifuniko kinachokaza. Chupa iliyolegea hupoteza alkoholi huku kioevu kikibaki, na hutajua. Zote zikae juu, kabatini, zimefungwa.

Naweza kuuza ninayotengeneza?

Bila alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hapana. Unaweza kutengeneza kwa familia, au kikundi kikatengenezea wanachama wake kwa kipimo kimoja na daftari linaloonyesha tarehe, lebo ya alkoholi iliyotumika na nani alipima. Kwa kikundi, WHO iliweka mwisho wa lita 50 kwa mkupuo mahali pasipo na mitambo maalumu ya hewa. Daftari hilo lisikosekane: chupa moja ikiwasha watu mikono, ndilo litakaloonyesha ni chupa zipi nyingine za kukusanya.

Nikibaki na mchanganyiko wa Jik jioni niumwage wapi?

Kwenye sakafu ya saruji ya bafu au mfereji wa maji machafu, ukifuatiwa na maji mengi. Si kwenye bwawa la samaki, si karibu na mizinga ya nyuki, si kwenye bustani ya sukuma, na si mtoni au ziwani, kwa kuwa klorini kidogo tu huua samaki. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, itobolewe isirudi kubebea maji ya mtoto shuleni, kisha ipelekwe kwa wanaokusanya plastiki.